Mwamba Unaotembea

Wapo wanaoamini kwamba imani thabiti ni ile inayorudia jambo lake la kwanza bila kuchoka. Wengine huipima kwa uwezo wake wa kuondoka pale ilipoanzia na bado isipotee. Mimi napiga besi kanisani, na swali hilo hunifikia kwenye vidole kabla ya kunifikia kwenye mahubiri.

Hapa Katoro, mkoani Geita, mzee mmoja wa kanisa letu amelisema kwa ufupi kuliko yeyote niliyemsikia: besi ni msingi wa wimbo, na msingi hautembei. Kristo ni msingi mmoja, anasema, kwa hiyo kodi ya kwanza, yaani lile kundi la noti zinazolia pamoja, ikipigwa, mpiga besi akae kwenye do mpaka kodi ibadilike. "Fundi," huniita hivyo, "wewe kila Jumapili unauhamisha." Namheshimu mzee huyu. Hoja yake si ya mtu asiyejua muziki, ni ya mtu aliyeona mengi yakihama: watu, fedha, ndoa, vijiji vizima vilivyoota kando ya machimbo na kufutika. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kutaka walau kitu kimoja kitulie.

Siku za kazi nashughulika na umeme. Nasuka upya koili za mota zilizoungua, nyingi zikiwa za makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu kutoka Rwamagasa na Nyarugusu. Nilizaliwa Shinyanga, upande wa Kolandoto, na besi nilifundishwa huko na kaka mmoja wa kwaya. Somo lake la kwanza lilikuwa sahihi na bado nalifundisha: sikiliza kinanda, itambue kodi, kaa kwenye noti iliyobeba jina la kodi hiyo, yaani mzizi wake. Kodi ya G, piga G. Ikija C, piga C. Ikija D, piga D. Mpiga besi wa hivyo hamwangushi mtu. Kwaya ikiyumba, inamwegemea yeye na kusimama tena. Wapo waliopiga hivyo maisha yao yote na wakawa baraka kwa makanisa yao.

Lakini chukua pambio lolote la kodi tatu. Kinanda kinakaa kwenye G kwa vipimo viwili, kisha kinakwenda C. Anayekaa kwenye mzizi atapiga G, G, G, halafu ataruka. Mimi kipimo cha pili kikifika katikati nakanyaga B, yaani mi, na kutoka mi hadi fa ni nusu sauti tu. Hata asiyejua lolote kuhusu muziki anahisi kwamba kuna kitu kinakuja. Kutoka fa kwenda so napitia fe, ile noti iliyobanwa katikati, isiyo ya kodi iliyopita wala ya ijayo. Au nateremka do, ti, la, so wakati kinanda kinabadili kodi ya kwanza, ya tano, ya sita, kisha kinarudi ya kwanza. Ti imo ndani ya kodi ya tano, la ndiyo mzizi wa kodi ya sita, so imo ndani ya kodi ya kwanza, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Wimbo umetembea, basi. Watu huimba kwa pumzi ndefu zaidi besi ikishuka hivyo, na mwimbishaji haachi kugeuka kuniangalia.

Jambo hili si langu. Wapiga besi wa Kinshasa, ambao muziki wao umejaa redioni kwetu tangu utoto wangu, waliweza hata kuuacha mpigo wa kwanza wazi kabisa na kuingia baada yake, na wachezaji hawakupoteza hatua. Detroit kulikuwa na James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za Motown za miaka ya 1960 kwa kidole kimoja tu cha shahada, na ukiondoa besi yake nyimbo zile zinabaki maneno na makofi. Wala si jambo la muziki wa dunia peke yake. Fungua nakala ya wimbo wowote wa kanisani wa sauti nne ulioandikwa kwa do, re, mi, mfumo ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19 na wamisionari wakaja nao mashuleni kwetu. Ifuate sauti ya nne kwa kidole. Utaikuta mi chini ya kodi ya kwanza, ti chini ya kodi ya tano. Utaikuta so imeshikiliwa kabla ya mwisho huku juu yake kodi ya kwanza ikining'inia, na kanisa zima likijua kwamba haliwezi kuketi mpaka so hiyo itue kwenye do. Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo leo tunayoisimamia kama wimbo wa taifa, alitumia mfumo huo huo. Kutembea kwa besi ndiko kukongwe. Kukaa kwenye do tulijifunza baadaye, tulipopata magitaa ya umeme kabla ya kupata walimu wa kuyafundisha.

Hilo linajibu historia. Swali la mzee halijajibiwa, kwa sababu yeye haulizi kilichotangulia, anauliza kilicho kweli.

Basi niseme ninachokijua kwa kazi yangu. Umeme wa Tanzania hupiga mara 50 kwa sekunde, na transfoma inapovuma, mvumo unaosikika zaidi ni wa mara 100, karibu kabisa na uzi mwembamba wa besi, G, ambao hutikisika mara 98. Uzi mnene, E, hutikisika mara 41 na kidogo. Ila hakuna uzi unaotikisika kwa namna moja. Unatikisika wote, na papo hapo unatikisika kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, kwa sehemu zake tano. Uguse uzi taratibu juu ya freti ya saba bila kuukandamiza, upige, na utaisikia theluthi ikitoka peke yake: ni so ya uzi huo. Sehemu ya tano inatoa mi. Zote zimo ndani ya sauti moja tunayoiita do, zinalia kila mara do inapolia, ila kwa unyenyekevu kiasi kwamba hatuzitaji. Ninapoondoka do kwenda so au mi, nakwenda mahali ambapo do yenyewe imeshafika. Fe ni habari nyingine. Hiyo inaishi kwa sababu so inakuja, na nikiishikilia kupita kiasi ni kosa tupu.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonifanya niandike. Juu ya paa la kanisa letu kuna spika za honi, zile zinazopeleka ibada hadi sokoni. Honi haiwezi kutoa sauti ya chini. Nikipiga E, ile 41 haitoki hata chembe, wala 82 inayofuata. Kinachotoka ni vipande vya juu, 246, 287, 328 na kuendelea, nikihesabu bila desimali. Lakini mama anayeuza mihogo kando ya barabara anaisikia E, na anaisikia kule chini inakostahili kuwa. Sikio lake limepokea zile sauti za juu, limekuta kati ya kila moja na nyingine kuna 41, na limeirudisha ile ambayo haikutoka. Wanasayansi wameujadili uwezo huu wa sikio tangu karne ya 19. Waundaji wa vinanda vya mabomba vya makanisa ya Ulaya wameutumia: pasipokuwa na nafasi wala fedha za bomba la futi 32, huweka la futi 16 pamoja na bomba dogo la so yake, na waumini wanasikia chini ya miguu yao bomba ambalo halikujengwa.

Nawaomba wasomaji walifikirie hilo polepole. Mzizi usiopigwa unasikika. Unasikika kwa sababu vilivyo juu yake vimepangwa kwa namna ambayo yeye peke yake anaweza kuieleza. Kitabu cha Esta katika Kiebrania hakimtaji Mungu hata mara moja, na waliokiweka ndani ya Maandiko hawakufanya hivyo kwa kusahau. Walisikia 41 katika habari ya binti yatima, mfalme asiyelala usingizi na mti wa kunyongea uliogeuziwa aliyeusimamisha. Kama ungewapa mpiga besi wa do tupu kazi ya kuandika Esta, angemtaja Mungu kila mstari, na sidhani kama tungemwamini zaidi.

Sasa nirudi kwenye neno la mzee kuhusu msingi. Ni Paulo aliyeandika, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 3, kwamba hakuna awezaye kuweka msingi mwingine. Mzee yuko sahihi, na mimi sina msingi mwingine wa kuweka. Lakini mtu yule yule, katika waraka ule ule, sura ya 10, anawakumbusha wasomaji wake wana wa Israeli jangwani, jinsi walivyokunywa kutoka katika mwamba, na anasema mwamba huo uliwafuata, na kwamba mwamba ulikuwa Kristo. Uliwafuata! Sisi wa ukanda huu tunaojua mwamba ni nini, tuliokwisha kuupiga nyundo na baruti, tunapaswa kustuka kuliko Wakorintho. Paulo aliyesema msingi ni mmoja hakuona shida kuupa mwamba miguu. Watu walikuwa safarini, na msingi usioweza kwenda nao ungewafaa nini? Hata sanduku la agano lilitengenezwa na pete na miti ya kubebea, na ikaamriwa miti hiyo isitolewe.

Hapo ndipo naona kosa la hoja ya mzee, na nalisema kwa heshima. Amefananisha kidole changu na Kristo. Kidole changu si msingi. Msingi ni ule ufunguo ambao wote tumeuweka masikioni kabla ya kuimba, ambao mtoto wa miaka mitano anaujua kwa sababu akiachiwa wimbo katikati analia mpaka umaliziwe. Besi ni mtumishi wa ufunguo huo. Mtumishi anaweza kusimama mlangoni siku nzima akisema jina la bwana wake, na anaweza kutumwa. Nikijidhania mimi ndiye msingi, basi kweli sina ruhusa ya kusogea, maana kila kitu kingeanguka. Nikijua kwamba msingi upo hata uzi wangu ukikatika, naweza kutumwa mbali.

Lakini kutumwa kuna hatari, na wapiga besi vijana hawaambiwi. Kinanda kikipiga C, E na G, ni kodi ya C, ya furaha. Mimi nikiweka A chini yake, hakuna hata mmoja kule juu aliyebadilisha kidole, lakini kodi si C tena, ni A ndogo yenye saba, na furaha imeingiwa na kivuli. Soprano anaimba noti ile ile aliyokuwa akiimba, na maana yake imebadilishwa na mtu asiyemwona. Aliye chini kabisa ana uwezo wa kuwapa majina mapya wote walio juu. Ndiyo maana sauti ya nne haipaswi kushikwa na mtu mwenye uchungu na mwimbishaji, au anayetaka kuonekana. Mi chini ya kodi ya kwanza hulainisha. So chini yake husumbua. La huibadilisha kabisa. Ukichagua moja kati ya hizo umewachagulia watu jinsi watakavyosikia neno wanaloliimba wakati huo, liwe "msalaba" au "mkate". Nimeona ushuhuda wa dada mmoja ukiharibiwa na mpiga besi aliyeonyesha kila kitu anachokijua.

Augustino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini aliyeandika vitabu sita kuhusu muziki, alikiri kwamba aliogopa pale sauti ilipomgusa kuliko neno lililoimbwa. Hofu hiyo tunayo pia Usukumani, na kwetu ilianza na sauti ya chini. Africa Inland Mission walipoingia Usukuma mwaka 1909, kituo chao cha kwanza kikiwa Nassa kando ya Ziwa, waliikuta nchi ya ngoma, yenye vyama vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vilivyoshindana baada ya mavuno, na wamisionari wengi wakaona ni bora ngoma ibaki nje ya mlango. Miongo kadhaa baadaye Padre David Clement kule Bujora, karibu na Mwanza, aliingiza ngoma za Kisukuma katika ibada, na waumini hawakumpoteza Mungu. Mzee wetu alilelewa katika hofu ile ya kwanza. Besi inapotembea, viuno vinatikisika, na yeye anaona. Mimi nasema kiuno nacho kimeumbwa, na Augustino mwenyewe mwishowe aliuacha wimbo ubaki kanisani, akitumaini kwamba wadhaifu wataingia kupitia masikio. Ila namkubalia mzee kwamba kuna kutembea ambako mwisho wake ni kutazamwa tu.

Nimpime basi mpiga besi kwa kipi? Baba yangu alifanya kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi aliougundua John Williamson mwaka 1940. Almasi ya Mwadui imo ndani ya bomba la mwamba lililopanda wima kutoka tumboni mwa dunia, juu likiwa limetanuka hekta zaidi ya 140. Huko unaweza kukaa mahali pamoja maisha yako yote ukishuka, na utakuwa mahali sahihi. Dhahabu ya Geita haikai hivyo. Imo katika rifu, mishipa ya mawe inayolala kwa mshazari, inayopinda, inayokatika ghafla na kuibuka pembeni. Anayefungua duara, yaani shimo la kuchimbia, akashuka wima bila kugeuka atafika kwenye mwamba mtupu, na atakuwa mwaminifu sana kwa mdomo wa duara lake. Mchimbaji mzuri anaifuata rifu inakokwenda, huku kamba yake imefungwa juu na anajua kila kona aliyopita. Mwandishi wa Ayubu sura ya 28 aliwajua watu hawa. Anawaeleza wakikata njia mbali na makao ya watu, wakining'inia, wakipeleka taa gizani, na anawastaajabia kweli kabla ya kuuliza kama hekima nayo inachimbwa. Nikimsikiliza mpiga besi mgeni, siangalii ameondoka do mara ngapi. Nasikiliza kama kamba yake imefungwa. Akienda mi, je, mi hiyo inaijua fa? Akishuka hadi la, amewaza watakaorudi naye?

Na bado lipo jambo moja ambalo katika hilo nampa mzee ushindi, na sijaona namna ya kulizunguka. Sikio hurudisha 41 isiyotoka kwa sababu lina nguvu ya kufanya hivyo. Zipo siku halina. Mwaka 2015 kule Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na nchi nzima ilishangilia. Wengi hawatolewi hai. Ukanda huu huzika vijana, hasa mvua zikilegeza kuta za maduara, na kwaya ndiyo inayoitwa. Nimepiga besi katika misiba hiyo nikiwa na mi na ti na fe zangu zote vidoleni, na sikuzitumia. Mama aliyekaa chini ya turubai mbele ya jeneza lililofungwa hawezi kuombwa akamilishe kitu. Mwambie Mungu yupo hata asipotajwa, na utakuwa umemwambia kweli iliyo ngumu kuliko uwezo wake wa saa hiyo. Siku hiyo besi inapiga do, kwa uzito, kila kodi mzizi wake, kama alivyonifundisha kaka yule wa Shinyanga. Uhuru wa aliye chini unatoka kwa wanaoweza kuubeba ufunguo wenyewe. Wasipoweza, anaubeba yeye.

Kijana ninayemfundisha, anayefanya kazi kwenye karasha siku za wiki, aliniuliza tukirudi kutoka msiba mmoja, "Baba, mbona leo umepiga kama mwanafunzi?" Nikamwambia asikilize ubeti wa mwisho, msiba mwingine ukitokea. Beti mbili za kwanza huimbwa na kwaya peke yake. Waliofiwa wanalia na wengine wamenyamaza. Lakini ukifika ubeti wa tatu, wanaume waliosimama nyuma, waliotoka machimboni na nguo za kazi, huanza kuishika sauti ya nne bila kufundishwa na mtu, na wanaishika kwenye do. Wakishaishika barabara, mimi ndipo nakwenda mi.